Kuchagua kozi si kuchagua lango la chuo

Mtoto anayelelewa Murera, baina ya mji wa Ruiru na ule wa Thika, hahitaji kuhadithiwa chuo kikuu ni kitu gani. Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia kiko Juja, mwendo mfupi wa matatu. Akielekea Thika atakikuta Chuo Kikuu cha Mount Kenya. Akielekea Nairobi atalipita lango la Chuo Kikuu cha Kenyatta. Katika barabara kuu yenyewe mabango ya vyuo yamepangana na mabango ya ploti zilizokatwa kutoka mashamba ya kahawa, na si rahisi kusema ni yapi yanayoahidi zaidi. Hata hivyo, kuliona lango kila siku si kujua kinachofundishwa ndani yake. Nimefundisha isimu kwa miaka kadhaa sasa, na nathubutu kusema kwamba wanafunzi wanaotoka karibu na vyuo hawachagui vyema kuliko wanaotoka mbali. Huchagua chuo kwanza, kozi baadaye, na wengine kozi huchaguliwa na kijana wa saiba aliyewafungulia tovuti.

Jambo hili lilikuwa na udhuru wake hapo kale. Tangu KCSE ilipofanywa mara ya kwanza mwaka wa 1989, na kwa zaidi ya miongo miwili baadaye, swali kuu la mtahiniwa lilikuwa moja tu: je, nitaitwa? Bodi ya Pamoja ya Uteuzi, iliyojulikana kwa herufi zake JAB, ilichukua wanafunzi kulingana na nafasi zilizokuwapo katika vyuo vya umma, vikiwamo vitanda vya mabweni. Kiwango cha chini kilikuwa C+ kwa maandishi, lakini aliyepata C+ hasa alijua kwamba mlango umefungwa. Hata walioitwa walisubiri nyumbani muda mrefu kabla ya kuripoti. Katika hali kama hiyo, kuitwa popote kulikuwa sherehe, na aliyeuliza ameitiwa nini alionekana hana shukrani.

Hali hiyo haipo tena. Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka wa 2012 iliiondoa JAB na kuunda shirika la kuwateua wanafunzi wa vyuo vikuu na vyuo anuwai, KUCCPS. Kisha mwaka wa 2016 usimamizi wa mitihani ukakazwa, idadi ya waliopata C+ na zaidi ikaporomoka, na kwa mara ya kwanza nafasi za vyuo vikuu zikawazidi wanaostahiki. Idadi hiyo imepanda tena: katika matokeo ya KCSE ya 2024, watahiniwa 246,391 kati ya zaidi ya 960,000 walipata C+ au zaidi, yaani takriban robo. Hata hivyo, anayefikia C+ na kutuma maombi kwa makini leo ana matumaini makubwa ya kupata nafasi ya shahada. Swali limehama kutoka 'je, nitaitwa?' hadi 'nitaitiwa nini?' Ajabu ni kwamba bado tunaendelea kulijibu swali la zamani. Shule hutundika langoni bango la idadi ya waliokwenda chuo kikuu. Sijaona bango la idadi ya waliohitimu katika fani walizozichagua.

Naomba walimu waniwie radhi nikirudia wanayoyajua, kwa sababu wazazi wengi hawajaelezwa. Gredi ya jumla na alama za kozi ni vitu viwili. Tuchukue wanafunzi wawili, majirani, kila mmoja amefanya masomo saba. Wa kwanza amepata A- katika Hisabati na Fizikia, B+ katika Kemia na Biolojia, B- katika Jiografia, C+ katika Kiingereza na C katika Kiswahili. Wa pili amepata A- katika Kiingereza na Kiswahili, B katika Biolojia na Jiografia, B- katika Fizikia na Kemia, na C+ katika Hisabati. Jumlisha kwa kipimo cha A kuwa alama 12, na kila mmoja ana alama 63 kati ya 84. Wote wana B. Mtaani watapongezwa sawasawa, tena pengine kwa mbuzi mmoja.

Lakini uteuzi haufanywi kwa B hiyo peke yake. Kila kozi ina kundi lake la masomo manne, na upeo wa alama za masomo hayo ni 48. Ndiyo yanayounganishwa kihesabu na matokeo ya jumla ili kumpanga mwombaji. Kwa uhandisi, unaotazama Hisabati, Fizikia, Kemia na somo jingine moja, wa kwanza ana alama 42 na wa pili ana 32. Hapo si majirani tena. Katika kozi inayotanguliza lugha, mambo hupinduka. Mzazi anayesema, 'Mbona mwana wa fulani alipata B kama wetu naye ameitiwa uhandisi?' hajadhulumiwa na mtu. Amelinganisha vitu visivyolingana.

Kuna kosa jingine linalotokana na neno lenyewe tunalolitumia. Tunasema 'alama za kujiunga' na kozi fulani, msikilizaji akadhani ni kizingiti kilichowekwa na chuo, kama urefu wa mlango. Sivyo. Takwimu anayoiona mwanafunzi katika tovuti ya KUCCPS ni alama za mtu wa mwisho aliyechukuliwa katika uteuzi uliopita. Mwaka huu waombaji wakiongezeka itapanda, wakipungua itashuka. Kwa hiyo mwenye alama zinazozidi takwimu hiyo kwa nukta chache hana uhakika, na aliyepungukiwa kwa nukta chache hana sababu ya kukata tamaa. Busara ni kuweka kwanza kozi unayoitaka hata kama iko juu kidogo, kisha kozi hiyo hiyo katika chuo kisichogombewa sana, kisha fani iliyo jirani yake ambako umewazidi waliotangulia kwa nafasi ya kutosha. Wengi hufanya kinyume: hujaza nafasi zote kwa kozi zinazogombewa na taifa zima, zote katika vyuo viwili vya Barabara ya Thika, halafu hushangaa kujikuta wameteuliwa kusomea jambo ambalo hawajawahi kulitamka.

Nawajua hao wanaoshangaa, kwa sababu baadhi yao huletwa kwangu. Katika juma la kwanza la muhula huwauliza wanafunzi wapya kilichowaleta kwenye isimu. Wako wanaojibu kwa furaha. Wako pia wanaosema, bila ya haya yoyote, 'Niliitiwa.' Si kwamba hawana akili. Baadhi yao huishia kuwa hodari kabisa. Lakini wengine hupoteza mwaka mzima wakitafuta uhamisho, na wengine huondoka kimya kimya, na karo iliyolipwa kwa jasho la mchuma kahawa ikawa imekwenda na maji.

Nikiwa mwanaisimu naomba niruhusiwe kukaa kidogo kwenye majina. Majina ya kozi ni lugha ngeni hata kwa anayeijua lugha iliyoyaandika. Mwanafunzi anayetaka kuwa mwalimu wa Kiswahili huona Shahada ya Sanaa yenye somo la Kiswahili na Shahada ya Elimu yenye somo hilo hilo, akadhani ni mamoja. Si mamoja. Ile ya pili ndiyo inayomfunza ualimu na kumpeleka katika mazoezi ya kufundisha; mwenye ile ya kwanza itambidi asome tena stashahada ya elimu kabla ya kuikaribia Tume ya Huduma za Walimu. Isitoshe, Tume humtaka mwalimu wa sekondari awe na C+ ya jumla katika KCSE na C+ katika kila mojawapo ya masomo mawili atakayofundisha. Mwenye C katika Historia anaweza kuhitimu kwa sifa kubwa chuoni akiwa mwalimu wa Historia na bado cheti chake cha sekondari kikamsimamisha mlangoni.

Kuhusu sheria ni hivyo hivyo. Sheria ya mwaka wa 2012 kuhusu chuo kinachowaandaa mawakili inataja C+ ya jumla pamoja na B katika Kiingereza au Kiswahili. Kifungu hicho kimebishaniwa mahakamani mara nyingi, na waliokipinga aghalabu ni watu waliokwisha kuhitimu shahada ya sheria. Ubishi wa namna hiyo ni ghali. Afadhali kuutazama ukiwa kidato cha tatu.

Hapa ndipo mabadiliko ya mwaka wa 2023 yanaponitia wasiwasi. Tangu mwaka huo gredi ya jumla huhesabiwa kwa Hisabati, lugha moja iliyofanywa vizuri zaidi, na masomo mengine matano bora. Ulikuwa uamuzi wa huruma, na umewainua wengi. Ila nimewasikia wanafunzi wakisema waziwazi kwamba sasa lugha moja inaweza kuachiliwa, kwa kuwa 'haihesabiwi'. Haihesabiwi katika wastani, ndiyo, lakini haifutiki kwenye cheti. Anayeiachilia leo hajui ni kozi gani atakayoitamani kesho, na mlango anaoufunga huenda ukawa wa ualimu au wa uanahabari. Mwalimu wa Kiswahili anayeona dawati la nyuma limelala aseme hivyo, kwa maneno hayo hayo.

Masuala ya fedha nitayagusa kwa ufupi. Kuteuliwa na KUCCPS si kuomba msaada wa karo. Chini ya utaratibu wa ufadhili ulioanzishwa mwaka wa 2023, mwanafunzi huomba ufadhili na mkopo kivyake, akaeleza hali ya nyumbani kwao, na familia ikapangiwa sehemu yake. Mahakama Kuu iliutangaza utaratibu huo kuwa kinyume cha Katiba mnamo Desemba 2024, na suala hilo likapelekwa katika Mahakama ya Rufaa. Mzazi asiingoje mahakama ili ajaze fomu. Tena atofautishe gharama za masomo na gharama za kula na kulala: mwanafunzi wa Murera anayesomea Juja akilala kwao anaokoa fedha nyingi, na hiyo ni sababu halali ya kukipenda chuo cha karibu, mradi kozi iwe ni ile aliyoitaka.

Na je, robo tatu ya watahiniwa waliosalia? Makala nyingi za namna hii huwasahau, na nisingependa nami niwapite kwa kuwapungia mkono. Mwenye C- anastahiki stashahada. Mwenye D anaweza kusomea cheti. Walio chini yake wana kozi za ufundi stadi. KUCCPS huwateua hao pia. Taasisi ya Mafunzo ya Kiufundi ya Thika haiko mbali, na viwanda vya Thika na Ruiru havijawahi kukosa haja ya fundi umeme anayeijua kazi yake. Aliye na stashahada nzuri anaweza kuendelea hadi shahada. Lakini nasema hivi nikijua kwamba katika mikutano ya wazazi neno 'chuo anuwai' hutamkwa kwa sauti ya kumliwaza mfiwa. Walimu ndio wa kwanza kuitamka sauti hiyo. Mwanafunzi mwenye C+ dhaifu na mikono hodari, anayesukumwa kwenye shahada asiyoipenda ili bango la shule liongezeke jina, ametumiwa.

Upande wa taaluma zinazosajiliwa, kama uhandisi, tahadhari ni moja zaidi. Mwanzoni mwa muongo wa 2010, wahitimu wa uhandisi kutoka vyuo kadhaa walikataliwa na bodi ya usajili kwa sababu kozi zao hazikuwa zimeidhinishwa. Hivyo, usiulize tu kama chuo kinatambuliwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Uliza kama kozi hiyo, katika bewa hilo, inatambuliwa na bodi ya taaluma yenyewe. Bango la barabarani halitakwambia.

Haya yote yana muda wake, kwani darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 litafanya KCSE mwaka wa 2027. Nyuma yao wapo wenzao wa mtaala mpya, waliofanya mtihani wa kwanza wa kuhitimu sekondari ya msingi mwishoni mwa 2025 na kuingia Gredi ya 10 Januari 2026. Hao wametakiwa kuchagua wakiwa na umri wa miaka 15 hivi yale ambayo kaka zao waliyachagua wakiwa na 18: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, au sanaa na michezo, na ndani ya njia hiyo masomo matatu ya hiari. Zaidi ya hayo, si kila shule inayotoa njia zote tatu. Nyingine zina mbili tu. Mzazi wa Murera anayempeleka mwanawe katika shule ya kutwa iliyo karibu kwa sababu ya nauli na usalama anaweza kuwa amekwisha kumchagulia njia pasipo kujua. Kabla ya kununua sare, na amwulize mwalimu mkuu: shule yenu ina njia zipi, na kila somo analolitaka mtoto wangu lina mwalimu?