Kusifu Kitabu Bila Kukisoma ni Kuvunja Mila



Mu mji wetu wa Lubumbashi kuna neno moja ambalo watu wenye masomo wanalirudiliaka kila mara: « Mwafrika ni mutu wa kinywa, haiko mutu wa kitabu. » Tunalisikia kwa walimu, kwa wakubwa wa ofisi, hata kwa wale wenye diploma ya chuo kikuu. Wanalisema kwa kucheka, halafu wanatulia, sababu neno hilo linawaondolea mzigo. Kama kusoma si mila yetu, basi hakuna mutu wa kutuuliza tumesoma nini mwaka huu. Sisi tunaoandika haya tunalikataa neno hilo. Kwanza, si kweli. Pili, tunalitumia kwa kufunika uvivu wetu na nguo ya wababu.

Tuanze na wababu wenyewe. Waluba wa Katanga walikuwa na lukasa. Ni kibao cha mti, kinaenea mu mkono, na juu yake kuna shanga na simbi, ao alama za kuchongwa. Wenye kukisoma walikuwa watu wa chama cha Mbudye. Msomaji alishika kibao na mkono wa kushoto, kidole cha mkono wa kuume kikapita juu ya shanga, na kinywa kikaeleza: mambo ya Nkongolo na Kalala Ilunga, safari za wakubwa, fasi takatifu, utaratibu wa ufalme. Hakuna mutu aliyeingia Mbudye leo na kesho yake akasoma lukasa. Alifundishwa ngazi kwa ngazi. Na kibao kimoja, wasomaji wawili hawakukieleza sawasawa, sababu kila mmoja alisoma kufuatana na shauri lililokuwa mbele yake na watu waliomsikiliza.

Kule kwa Balega kulikuwa kamba ya methali. Kila kitu kidogo kilichofungwa pale kilikumbusha methali moja, na mwenye kukishika lazima ajue kuieleza.

Sasa tunauliza: kama hii si kusoma, ni nini? Wababu walisoma alama, na walisoma mbele ya wenzao. Kitu kilichokuja na wageni ni karatasi. Kusoma na kujibu juu ya ulichosoma, hiyo ilikuwa yetu tayari. Basi mutu anayesimama leo kuongea juu ya kitabu asichofungua, asijitetee na mila. Yeye ndiye anayeivunja.

Na sisi hatusemi haya kama watu wenye mikono safi. Miaka kadhaa iliyopita, mzee mmoja, mustaafu, aliandika kitabu juu ya desturi za kijiji chake. Kilikuwa kitabu kidogo, kurasa 112, alikichapisha kwa makuta yake mwenyewe. Siku ya kukionyesha kwa watu tulialikwa wasemaji wanne. Tulikuwa na kopi yetu tangu majuma mawili. Lakini ilikuwa wakati wa mitihani, kazi za wanafunzi zilijaa meza, na kila usiku tulisema « kesho ». Siku ilipofika, tulisoma maneno ya nyuma ya kitabu na kurasa mbili za mwanzo, tukavaa koti, tukaenda. Tulisema dakika kumi. Tulisema kitabu ni « hazina », ni « daraja kati ya vizazi ». Watu walipiga makofi. Wasemaji wengine watatu walisema vilevile.

Nyuma ya sukre na maandazi, mzee alitukaribia, akauliza kwa sauti ya chini: « Mwalimu, pale ndugu yangu anapokufa, ulipaonaje? » Tukajibu: « Mzee wetu, pale ni pazuri sana, panagusa moyo. » Akatutazama. Hakusema kitu. Kufika nyumbani tulifungua kitabu kutafuta fasi ile. Kiwanda kilikuwa kimekosea: kutoka ukurasa wa 48 kitabu kiliruka mpaka ukurasa wa 65. Kurasa 16 hazikuwamo, na kifo cha ndugu yake kilikuwa mule. Mzee alijua. Alikuwa anatafuta kati ya wanne mmoja tu aliyefika ukurasa wa 48.

Haya ile hatujaisahau, na ndiyo inatulazimisha kuandika leo.

Wengine watasema: « Ni jambo dogo, ni heshima tu kwa mzee. » Hapana. Mutu mzima ameweka maisha yake mu kurasa 112, na kati ya watu wenye masomo wa mji hakuna hata mmoja aliyemsikiliza. Tulimpa makofi pahali pa masikio. Hiyo si heshima, ni kumuzika mbele ya kufa.

Na watoto wetu wanatuona. Mu darasa la mwisho la sekondari tulitoa kazi juu ya « Entre les eaux » ya V.Y. Mudimbe, kitabu cha mwaka 1973. Mudimbe ni mtoto wa hapa kwetu, alizaliwa Likasi mu 1941, akafa mu 2025, na ulimwengu mzima unamjua. Mu kitabu kile, Pierre Landu ni padri anayeacha parokia na kwenda kwa waasi mu pori. Kopi 17 ziliandika kwamba Landu ni askari aliyeacha vita na kuwa padri! Kumbe kulikuwa karatasi moja ya muhtasari, ilipigwa fotokopi na kuuzwa karibu na masomo, na aliyeiandika hakusoma kitabu. Tuliwakasirikia wanafunzi. Halafu tukajiuliza: walijifunza wapi kuongea juu ya kitabu bila kukisoma? Walijifunza kwetu, pale tulipovaa koti.

Vilevile kwa Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mu 1981. « Tram 83 » ilipotoka mu 2014 na kupata sifa mu inchi nyingi, kila mutu hapa alisema « ni mtoto wetu ». Ni vizuri. Lakini uulize wale wanaojivuna: Lucien ni nani, Requiem ni nani, wanagombania nini? Wengi watakuonyesha dari. Tunajivunia jina, hatufungui kitabu.

Kuna habari nyingine inayouma zaidi. Mu mwaka 1965, André Yav aliandika hapa Lubumbashi historia ya mji, « Vocabulaire de ville de Elisabethville ». Aliiandika mu Kiswahili chetu cha Lubumbashi, kile tunachoongea sokoni, na alieleza mji kwa macho ya maboyi waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu. Lakini ilitoka kama kitabu, pamoja na maelezo marefu, mu 1990, kwa kazi ya Johannes Fabian, profesere wa kule Ulaya. Miaka 25! Tunamshukuru Fabian kwa moyo wote. Lakini mu miaka yote ile, mu mji wenye chuo kikuu na chuo cha pedagojia, kazi ile ilingojea mgeni. Kitabu kisichosemewa na watu wake kinakuwa mali ya yule anayekisemea.

Tunasikia tayari majibu. La kwanza: « Hatuna na wakati. » Ni kweli, mwalimu ana darasa la watoto 60, nyuma yake masomo ya faragha kwa kutafuta unga wa bukari, na umeme unakatika saa ile anapokaa. Lakini tuhesabu. Kurasa kumi kwa usiku, na mishumaa ikiwa lazima. Mu mwezi tutoe usiku kumi, juu ya kilio, ugonjwa na kusahihisha kazi. Zinabaki 20. Kumi mara 20 ni kurasa 200, yaani kitabu kimoja kila mwezi. Haiko mingi, lakini ni vitabu 12 kwa mwaka, na aliyesoma 12 kweli anamupita yule anayejisifu kwa mia moja aliyotazama majalada yake. Wakati tunao. Wakati wa kuongea mupira hatuukosaka.

La pili: « Vitabu ni bei kali. » Ni kweli tena, na hapo hatucheki mutu. Lakini kitabu kimoja kinaweza kutembea mu nyumba kumi, kama sufuria ya jirani wakati wa ndoa. Vitabu vingapi vimefungiwa mu makabati ya saloni zetu, na kioo juu yake, kama sahani za wageni?

La tatu ndilo zito: « Kusema makosa ya kitabu cha mzee ni kukosa adabu. » Hapa tunaomba watu wasichanganye desturi mbili. Waluba wana kasala, maneno ya kusifu mutu na ukoo wake. Kasala ina siku yake na fasi yake. Lakini penye shauri, wazee wakikaa mu barza, hakuna mutu anayeimba kasala. Pale wanasikiliza mpaka mwisho, wanauliza, wanasema « hapa umesema kweli, hapa umepunguza neno ». Hata mukubwa anaulizwa. Uhakiki wa kitabu ni kazi ya barza. Sisi tumeugeuza kasala, tena kasala ya uongo, sababu mwenye kuimba kasala ya kweli anajua ukoo anaousifu. Sisi hata kurasa hatuzijui.

Basi tunapendekeza nini?

Kwanza, tusikubali kusemea kitabu tusichosoma. Tukialikwa na wakati hauenei, tuseme « hapana, mzee, nipe mwezi mmoja ». Kukataa kunauma siku moja. Na kama tumefika katikati tu, tuseme: nimefika ukurasa fulani. Hakuna haya mu neno hilo.

Pili, kila msomaji awe na daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na kitabu ni mali. Ukimaliza, andika mistari kumi: kinasema nini, ulikubali wapi, ulikataa wapi, nani mu mtaa anapaswa kukisoma. Vitabu vikikuzidi, daftari litakuonyesha deni lako, na utaacha kuahidi vingine mbele ya kulipa.

Tatu, tusemee vitabu mu Kiswahili pia, hata vile vilivyoandikwa mu Kifaransa. Mama anayeuza makala barabarani hatasoma « Entre les eaux », lakini ukimueleza vizuri habari ya padri aliyeingia pori, atakuuliza maswali ambayo profesere hajauliza. Tumejaribu. Aliuliza: « Na mama yake huyo padri, alisema nini? » Tulirudi mu kitabu juu ya swali lile.

Kwa mzee wetu tulirudi nyuma ya mwezi mmoja. Tulikuwa tumesoma kitabu chote, na mu mfuko tulibeba daftari. Tulimuomba msamaha, tukamuomba pia kurasa 16 zisizokuwamo. Alizitoa mu sanduku, zimeandikwa kwa mkono, tukazisoma palepale mbele yake. Tulipofika kifo cha ndugu yake, tulimwambia kwamba fasi ile ameiandika kwa haraka sana, kama mutu anayekimbia. Alinyamaza kidogo. Halafu akasema: « Ni kweli. Nilikimbia. » Akaagiza watuletee viti nje, na tuliongea mpaka giza.

Ile ndiyo mila tunayoililia. Inaomba kurasa kumi kwa usiku na ukweli mu kinywa. Wenye masomo wa mji huu, tufungue vitabu mbele ya kufungua vinywa.