Sadaka Si Biashara na Mungu

Siku hizi neno moja linazunguka katika miji yetu, tena linaingia hata ndani ya jumuiya zetu. Wanasema: toa, na Mungu atakurudishia mara kumi. Ukitoa franka elfu moja, ngoja elfu kumi. Sadaka wanaiita mbegu, na mavuno yake ati ni nyumba, ni motokari, ni safari ya Ulaya. Nasema wazi: hiyo si imani, ni biashara. Tena ni biashara mbaya, kwani mwuzaji anauza mali isiyo yake.

Namjua mama mmoja mjane, mwuza unga wa muhogo. Alipeleka mbele ya mhubiri mtaji wake wote, pamoja na pesa za shule za watoto. Miezi ikapita, mavuno hayakuonekana. Alipokwenda kuuliza, akajibiwa kwamba imani yake ilikuwa ndogo. Angalieni hila hiyo! Mali ikija, mhubiri anasifiwa. Isipokuja, mjane ndiye mwenye kosa. Hata mkopeshaji wa sokoni hana ukali wa namna hiyo.

Watatujibu: Je, nabii Malaki hakusema zaka iletwe ghalani, na Mungu atafungua madirisha ya mbingu? Ndiyo, alisema. Lakini mbona hawasomi na sura ya 14 ya Kumbukumbu la Sheria? Pale twaona kazi ya zaka: kila mwaka wa tatu iliwekwa mjini, wapate kula Mlawi asiye na shamba, na mgeni, na yatima, na mjane, washibe. Mjane wa Biblia aliila zaka. Mjane wetu ameliwa nayo. Wanataja pia Methali, sura ya 19, kwamba anayemhurumia maskini anamkopesha Mungu. Vema! Lakini anayepokea mkopo huo ni maskini, si mhubiri.

Mtakatifu Paulo naye alikusanya pesa, kwa ajili ya maskini wa Yeruzalemu. Katika barua ya pili kwa Wakorinti, sura ya 8, anawasifu Wakristu wa Makedonia, waliotoa kwa moyo katika umaskini wao mkubwa. Je, aliwaahidi motokari za siku zile, yaani farasi? Hapana. Anakumbusha habari ya mana: aliyeokota nyingi hakubakiwa, aliyeokota kidogo hakupungukiwa. Anataka usawa kati ya ndugu. Na mana iliyofichwa mpaka asubuhi, isipokuwa ile ya sabato, iliingia mabuu ikanuka.

Sisi wa Kivu hatuna haja ya kutafuta mfano mbali. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya Goma, ukaharibu hata katedrali. Watu kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi, wengine upande wa Sake. Na katika miaka ya vita, wakimbizi wengi hawakulala chini ya hema. Walilala katika nyumba za watu maskini kama wao. Mwenye nyumba alikuwa na sufuria moja, akaongeza maji. Hakuna aliyemwahidi utajiri, wala hakuupata. Mara nyingi alibaki maskini kuliko mbele. Mhubiri wa mbegu atasema nini juu yake? Kwamba Mungu amesahau deni? Mimi nasema mkimbizi aliomba riziki ya siku ile, na Mungu akamjibu kwa mkono wa mwenye sufuria.

Lakini tusiwaseme wengine tu. Kwetu wako wanaotafuta noti iliyopasuka ndiyo waitie kikapuni wakati wa Misa, wakidai padri ana watu wake Ulaya. Wako wanaomwambia mwenye njaa mlangoni, Mungu atakusaidia, kisha wanafunga mlango. Mtume Yakobo aliwajua zamani. Hao nao wanamrudishia Mungu kazi aliyowapa wao.

Yule mama ameanza tena kuuza. Jumuiya ya mtaa wake ilimchangia, kila nyumba kopo moja la unga, na hakuna aliyeandika deni. Watoto wawili wamerudi shuleni. Wa tatu angali anangoja.