Konje ya uzazi: sheria iko, nani ataisema Misisi?

Tangu 2002 Sheria ya Kazi ya inchi yetu inasema: mama mwenye kazi akizaa, apewe konje ya majuma 14, alipwe theluthi mbili ya mshahara. Baba naye, bibi yake akizaa, ana siku 2 za kulipwa. Tunapoyasema kwenye karyeri, watu wanacheka. Wanazani ni mambo ya Kinshasa.

Tuseme wazi: mama anayetwanga mawe hana mukataba, sheria hii haijamufikia. Anarudi kwenye kinu na mutoto mgongoni, kitovu hakijakauka. Hiyo ni vita ingine, hatuiache. Lakini mupishi, sekretere, dereva wenye mukataba, wanaokatwa CNSS kila mwezi, nao wanakaa kimya, sababu karatasi iko kwa Kifaransa na hakuna aliyewasomea.

Sendika haina faranga ya kuzunguka Fizi yote. Leta inayo. Ilipe redio za Baraka zitangaze kwa Kiswahili na Kibembe. Inspekta wa kazi naye apande moto. Wenye kulipisha taksi hawakose njia ya Misisi hata siku moja, hata wakati wa mvua.