Mama aliyechonga picha za materniti

Juma hili tunawaletea habari za mama mmoja wa Denmark, nchi ndogo ya baridi kule kaskazini mwa Ulaya. Jina lake Dea Trier Mørch. Alizaliwa Copenhagen mwaka 1941, akafariki mwaka 2001. Alikuwa mchoraji, mwandishi, tena mzazi kama sisi.

Kazi yake kubwa ilikuwa kuchonga picha kwenye linoleo, ile ya kufunika sakafu ya nyumba. Unachukua kipande, unachora juu yake, kisha kwa kisu kidogo unaondoa pale unapotaka pabaki peupe. Unapaka wino, unalaza karatasi, unakandamiza. Picha inatoka imegeuka, kama muhuri wa chama: ukiutazama wenyewe, herufi ziko kinyume.

Kipande kimoja kinatoa nakala nyingi kwa bei ndogo, na hilo lilimfaa Dea. Mwaka 1969 yeye na wenzake walianzisha kikundi cha wasanii, Røde Mor, maana yake Mama Mwekundu. Walitaka picha zifike kwa wafanyakazi, zisikae katika nyumba za matajiri tu.

Mwaka 1976 alitoa kitabu kiitwacho Vinterbørn, yaani Watoto wa Majira ya Baridi. Kinasimulia wamama waliolazwa katika materniti ya hospitali kubwa ya Copenhagen, kwa kuwa mimba zao zina matatizo. Wanangoja. Wanaogopa. Mmoja akilia, wa kitanda cha pili anamtuliza. Picha za ndani alizichonga mwenyewe: matumbo makubwa, nyuso zilizochoka, watoto wachanga.

Watu walikisoma sana, kikatafsiriwa katika lugha nyingi. Mwaka 1978 mama mwingine wa Denmark, Astrid Henning-Jensen, alikifanya filamu, na mwaka uliofuata ikampatia tuzo huko Berlin. Mwaka 1982 Dea akatoa Aftenstjernen, Nyota ya Jioni, juu ya mama anayekufa kwa kansa huku watoto wake wakiwa naye. Kuzaliwa na kufa, vyote viwili aliviona vinastahili kitabu.

Kwa nini tumewaletea habari hizi? Kwa sababu sisi mambo ya materniti tunayasema kwa sauti ya chini, kama mambo madogo. Kisha binti yetu anakwenda kuzaa mara ya kwanza bila kujua kitu, na anadhani hofu ile ni yake peke yake. Yale ambayo mama zetu waliyajua, wanakwenda nayo kaburini.

Basi tunaomba hivi. Katika mkutano ujao, kila kikundi kimwombe mama mmoja mzee asimulie alivyozaa mtoto wake wa kwanza: nani alimsindikiza, nani alimshika mkono, alifanya nini uchungu ulipozidi. Binti anayejua kuandika aandike, na anayejua kuchora achore. Daftari moja na kalamu vinatosha.

Na asiyetaka kusema, tusimlazimishe. Wako kati yetu waliotoka materniti mikono mitupu. Hao tuketi nao tu; siku wakiwa tayari, daftari litakuwa bado liko wazi.