Taa Iwakayo Bila Gia Kushika: Rai Kuhusu Istilahi za Ufundi

Imekuwa ada katika kurasa za jarida letu kujadili ushairi, riwaya na isimu. Sina ugomvi na ada hiyo, kwani nami ni mwanafunzi wa fasihi. Hata hivyo, leo naomba radhi ya wasomaji niwapeleke mahali ambapo mihadhara yetu haifiki: gerejini, mjini Voi, chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka barabara kuu ya Mombasa. Rai yangu ni kwamba istilahi za ufundi tunazozitafuta mezani tayari zimo vinywani mwa mafundi, na kwamba kutozisikiliza kuna gharama.

Watu wa Taita Taveta si wageni wa magari. Mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 yalipitia milima ya Taita mara nyingi. Tangu mwaka 2003, mashindano ya East African Safari Classic yameyarejesha magari ya enzi hizo katika barabara za vumbi za Kenya, zikiwamo za kaunti yetu. Kwa hiyo si ajabu kumkuta Voi mzee mstaafu anayetunza gari dogo la michezo la Kiingereza kama atunzavyo mtu shamba la urithi. Gari la mzee ninayemzungumzia ni MGB la miaka ya 1960, lenye viti viwili na kifaa kiitwacho ovadraivu.

Msomaji asiyejua magari asichoke. Maelezo ni mafupi. Ovadraivu ni gia ya ziada iliyofungwa nyuma ya giaboksi. Dereva akiwa kasini, anabonyeza swichi, na injini hupunguza mizunguko kwa takriban humusi moja huku gari likibaki na mwendo uleule. Petroli huokolewa na makelele hupungua. Kazi hiyo huanzishwa na umeme: mkondo hupita swichi ya dereva, ukafika kwenye solenoidi, yaani waya uliozungushwa ambao hugeuka sumaku umeme upitapo. Sumaku hiyo hufungua vali, na shinikizo la oili likaishika gia.

Lakini kati ya dereva na solenoidi pana swichi nyingine ndogo, iliyojificha juu ya giaboksi. Hiyo huruhusu umeme kupita katika gia ya tatu na ya nne peke yake. Sababu yake ni nzito. Ndani ya ovadraivu mna klachi inayozunguka upande mmoja tu. Gari likirudishwa nyuma huku ovadraivu imeshika, klachi hiyo hulazimishwa kwenda upande isioumbiwa, na kifaa kizima huweza kuvunjika.

Hilo ndilo lililompata mzee wetu. Swichi ile ndogo ilikuwa imekufa. Fundi mmoja, ambaye sina haja ya kumtaja, aliziunganisha nyaya zake mbili moja kwa moja, akazifunga kwa utepe, kisha akaweka kwenye dashibodi taa ndogo ya kijani ya kuonyesha kwamba ovadraivu inafanya kazi. Taa iliwaka vizuri na mzee akalipa kwa furaha. Siku chache baadaye, akitoka kwenye lango la jamaa yake huko Mwatate, alisahau kuizima swichi, akaingiza gia ya kurudi nyuma. Alisikia mlio mmoja tu.

Kilichonishangaza ni kwamba kitabu cha maelezo cha gari hilo kilikuwamo garini, na fundi alikuwa amekisoma. Kingereza cha kitabu hicho aliweza kukitamka. Mchoro wa nyaya aliuona, na rangi ya manjano inayoonyesha njia ya ovadraivu aliifuata bila kukosea. Hakuelewa tu kwa nini swichi ile iliwekwa pale. Kwake ilikuwa kipande cha chuma chenye jina la kigeni, na kitu ambacho jina lake halikuambii kazi yake ni rahisi kukiruka.

Gari lilipoletwa katika gereji nilikokuwa nikishinda wakati wa likizo, fundi mkuu wa pale, mtu wa makamo aliyejifunzia kazi Mombasa, aliniita.

"Wewe mwalimu wa Kiswahili, hebu mweleze kijana huyu swichi hii ni ya nini."

Nilijaribu. Nilikuwa mwaka wa tatu, nimefaulu somo la uundaji wa istilahi, na ninajua kutofautisha uambishaji na unyambulishaji. Nilianza na "kizuizi", nikahamia "kidhibiti", nikaona vyote viwili vinafaa hata kwa breki. Nikanyamaza. Fundi akacheka kidogo, akamgeukia mwanagenzi.

"Huyu ni bawabu. Anakaa mlangoni. Gia ya tatu na ya nne anazijua, anazifungulia. Nyingine zote anazirudisha. Ukimfukuza bawabu, mwizi ataingia na gia ya nyuma. Umeshika?"

"Nimeshika, fundi."

Niliondoka pale nikiwa na aibu, lakini nikiwa pia na swali. Neno "bawabu" ni la kale katika Kiswahili, limo katika kamusi zetu, na kila mtu wa pwani analielewa. Fundi hakuliunda, alilihamisha tu kutoka mlangoni pa tajiri hadi juu ya giaboksi. Upanuzi wa maana ni mbinu tunayoifundishwa darasani kwa mifano ileile kila mwaka. Kwa nini basi mifano hai kama huu haimo katika madaftari yetu?

Najua kutakuwa na pingamizi. Wapo watakaosema kwamba lugha ya gereji ni chafu, imejaa maneno ya mkopo kama vile fyuzi, rilei, indiketa, klachi na ethi. Nawajibu kwamba hata neno "gari" lenyewe lina asili ya Kihindi, na hakuna anayelionea haya. Voi ni mji uliokuzwa na reli, na "reli" na "stesheni" ni maneno ya mkopo yaliyokwisha kuwa wenyeji. Kigezo kinachofaa kupima istilahi ni kama anayeitumia anaelewa kinachotendeka, liwe neno la mkopo au la asili. Kwa kigezo hicho, "ethi" haina kosa, maana kila mwanagenzi anajua kwamba ni waya ufungwao kwenye mwili wa gari. Tena anajua kuwa katika magari mengi ya Kiingereza ya zamani mwili huo huungwa na ncha chanya ya betri, kinyume cha magari ya leo, na kwamba asipoangalia ataunguza vifaa.

Wengine watauliza: magari ya aina hiyo yamebaki mangapi, hata tuyahangaikie? Ni machache, kweli. Lakini kasoro ya kuelewa iliyomvunjia mzee gari ndiyo hiyohiyo inayotukabili katika umeme wa jua, pampu za visima na vifaa vya zahanati. Mahali hapo, kinachovunjika huenda kikawa zaidi ya giaboksi.

Narudi kwenye ile taa ya kijani. Fundi wetu alipoichunguza, aligundua kwamba waya wake ulikuwa umechukuliwa mara tu baada ya swichi ya dereva. Kwa hiyo taa ile, hata kama bawabu angekuwapo na kuufunga mlango, ingewaka vilevile. Ilimwambia dereva kwamba amebonyeza swichi, basi. Taa yenye manufaa huchukua umeme wake upande wa pili wa bawabu, karibu na solenoidi. Hata hiyo haitoshi peke yake, kwani dereva mwangalifu hutazama pia kama mizunguko ya injini imeshuka.

Nimeifikiria taa hiyo kila ninaposikia tukijisifu kuhusu hadhi ya Kiswahili. Ibara ya 7 ya Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. UNESCO iliitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani mwaka 2021. Hayo ni mambo ya kushangilia. Lakini swichi imebonyezwa na taa inawaka, huku mwanagenzi wa Voi akiendelea kusoma michoro ya kazi yake kwa Kiingereza asichokimiliki. Umeme haujafika kwenye solenoidi.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, chama chetu kiwatume wanachama, kila mmoja likizoni kwao, wakusanye maneno ya kazi: kwa mafundi wa magari Voi, kwa wachimba vito Mwatate na Kasigau, kwa wakulima wa ndizi Taveta. Pili, kila neno liandikwe pamoja na kazi ya kitu chenyewe na jina la mahali lilikosikika, ili wanaleksikografia wapate ushahidi badala ya kubuni tu. Tatu, jarida hili litenge ukurasa mmoja katika kila toleo kwa ajili ya maneno hayo, na wahadhiri wetu wawe tayari kuyapinga au kuyaunga mkono hadharani.

Mzee bado anasubiri ovadraivu yake itengenezwe. Bawabu mpya amekwisha kununuliwa, na taa imehamishiwa mahali pake. Yule mwanagenzi ndiye aliyezifunga nyaya, na alipomaliza alimweleza mzee, kwa Kiswahili, kila waya unakwenda wapi na kwa nini. Mzee alisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili, akajibiwa yote.