Kitufe, Taa na Kisingizio cha Lugha



Ipo hoja iliyonichosha. Husemwa, hapa Tororo na kwingineko nchini Uganda, kwamba Kiswahili ni lugha ya kambi za jeshi na ya kununulia nyanya Malaba, na kwamba sayansi haiwezi kukaa ndani yake. Wasemao hivyo, nadhani, hawajawahi kusimama mbele ya meza ya fundi wa redio mpakani. Fundi huyo huwaeleza wateja wa Kenya na wa Uganda habari za waya wenye moto, shoti, fyuzi iliyoungua na swichi iliyokwama, wala hakuna anayeomba mkalimani.

Chukueni zoezi la awali la wanaojifunza Arduino: kitufe kiwashe taa. Maikrokontrola, yaani kompyuta ndogo iliyomo katika chipu moja, huikagua pini ya kitufe mara maelfu kwa sekunde. Ikikuta kitufe kimebonyezwa, hupeleka umeme kwenye pini ya taa. Mwanafunzi hunakili mistari ya Kiingereza, taa ikawaka, darasa likapiga makofi. Kisha aulizwe: mbona ukiondoa kidole taa inazimika? Kimya.

Jibu limo katika sarufi mnayojifunza. Programu yake inauliza, "Je, kitufe kimebonyezwa?" Hapa -me- yaeleza hali iliyopo, kidole kikiondoka, hali imekwisha, na taa nayo imekwisha. Anayetaka taa ibaki ikiwaka hana budi kuuliza swali jingine: "Je, kitufe ambacho nilipokitazama mara ya mwisho kilikuwa hakijabonyezwa, sasa kimebonyezwa?" Pale -ja- inapogeuka kuwa -me- ndipo tukio lilipo, na ndiyo maana programu lazima ikumbuke hali iliyotangulia. Tena vyuma vya kitufe hudunda vinapogusana, kwa milisekunde chache tu, na mashine huhesabu mibonyezo kadhaa palipo na mmoja. Huiambia isubiri, tuseme milisekunde 50. Kudunda! Mtoto yeyote mwenye mpira analijua neno hilo.

Sidai kwamba amri zenyewe ziandikwe kwa Kiswahili. Wala siwaungi mkono wanaotaka tungoje hadi kila chombo kipate jina sanifu. "Pini" na "chipu" zinatutosha. Ninachodai ni maelezo. Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Julai 2022 Baraza la Mawaziri likapendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Urasmi gani huo, ikiwa lugha haikaribishwi hata katika somo la kuwasha taa?

Zoezi la wiki hii: taa iwake kitufe kinapoachiwa, si kinapobonyezwa. Kabla ya kugusa kompyuta, andika kwa Kiswahili hali ya kwanza, hali ya pili, na swali ambalo programu itauliza.