Risala ya Vibarua wa Mongbwalu Kuhusu Mawakala wa Ajira

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Jimbo la Ituri. Inspekta wa Kazi, Bunia. Mkuu wa ONEM (Ofisi ya Taifa ya Ajira) jimboni. Na Burgumesta wa Komini ya Mongbwalu.

Waheshimiwa,

Sisi vibarua, walinzi, wapishi na madereva tunaopelekwa kazini na mawakala wa ajira tunawaletea kero zetu.

Enzi za Wabeljiji, babu zetu walipelekwa kwenye migodi ya Kilo kwa amri ya machifu. Leo Sheria ya Kazi namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002 inakataza kazi ya kulazimishwa na inataka mkataba wa maandishi. Lakini wengi wetu hatujui hata mwajiri wetu ni nani.

Malalamiko yetu

Tunanunua kazi. Wakala anachukua fedha ili aandike jina lako daftarini, kisha anakata tena kwenye mshahara wa kwanza. Asiye nacho anakopa, anaingia kazini na deni.

Hatupewi kontra, yaani mkataba wa kazi. Alfajiri jina likisomwa, unapanda gari; lisiposomwa, unarudi nyumbani. Wapo waliofanya hivyo miezi mingi na bado wanaitwa watu wa siku. Sheria inasema kibarua aliyetimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, mkataba wake unahesabiwa kuwa wa muda usio na kikomo.

Mishahara inakatwa bila karatasi. Tunaambiwa ni fedha ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Tukiuliza namba zetu za uandikishwaji, hatujibiwi.

Tukiumia, tunapigwa danadana. Mwenzetu alisagwa vidole na mashine ya kuponda mawe. Wakala akasema, nendeni kwa kampuni. Kampuni ikasema, huyo si mtu wetu. Tulimpakia kwenye pikipiki hadi hospitali, tukachangishana fedha ya matibabu.

Madai yetu

1. Orodha ya mawakala wenye kibali cha Waziri wa Kazi ibandikwe kwenye ofisi ya komini na sokoni. Asiye na kibali afungiwe.

2. Mfanyakazi asitozwe hata faranga moja ili apate kazi. Ndiyo kanuni ya Mkataba namba 181 wa mwaka 1997 wa Shirika la Kazi la Kimataifa. Gharama abebe anayehitaji wafanyakazi.

3. Kontra isainiwe kabla ya siku ya kwanza ya kazi, isomwe kwa Kiswahili mbele ya mhusika, naye abaki na nakala. Itaje mwajiri, mshahara, na nani anawajibika ajali ikitokea.

4. Kila malipo yaje na karatasi ya hesabu, na CNSS ihakikishe makato yanafika.

5. Wakala akitoroka au akishindwa kulipa, kampuni iliyotumia jasho letu ilipe.

6. Inspekta wa Kazi afike Mongbwalu kila mwezi. Mgogoro wa kazi lazima upitie kwake kabla ya kwenda mahakamani, na Bunia iko umbali wa kilomita zipatazo 80, kwa barabara ambako watu wameuawa.

Tunaomba kikao cha pamoja na mawakala, kampuni na ofisi zenu ndani ya siku 30. Tutaleta mashahidi na hesabu ya siku tulizofanya kazi. Wakala anayefuata sheria hatuna ugomvi naye. Anayetuuzia kazi kisha akatukataa tunapoumia, tunadai azuiwe sasa.

Wenu katika kazi,
Wawakilishi wa vibarua, Mongbwalu